Mama Aliyepata Mia kwa Mia

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa ndugu, jamaa na majirani wa ghorofa zote tano, kwamba mwanamke wa ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho kushoto, mzazi wa mara ya kwanza na mgeni wa mwaka mmoja na miezi miwili katika nchi hii, amepimwa na wataalamu na kuonekana kwamba anajiamini katika ulezi kwa asilimia mia moja. Si tisini na tisa. Mia. Wataalamu walijumlisha mara mbili, wakabadilisha kalamu, wakajumlisha tena. Tangu kliniki ile ifunguliwe hajatokea mama wa namna hiyo, awe mgeni au mwenyeji. Hata muuguzi mwenyewe, mwenye watoto wanne waliokwisha kuota ndevu, alijipima kwa siri akaambulia sitini na nane.

Tusimame kwa dakika moja kumpa heshima zake.

Haya, kaeni. Sasa niwaambie jambo dogo ambalo halikuandikwa kwenye fomu: siku matokeo hayo yalipotangazwa, mwanamke huyo alikuwa na siku sabini na tisa hajamwogesha mwanawe.

Mtoto hakuwa mchafu, msimfikirie vibaya kabla ya wakati. Alikuwa anang'aa kama kijiko cha wageni. Ila aliyekuwa anamng'arisha ni baba yake.

Mwanamke mwenyewe watu walimwita Karani, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya kwao kwa miaka tisa, katika masjala ya ofisi moja ya serikali: chumba kisicho na dirisha, rafu mpaka darini, na vumbi lenye umri wa kustaafu. Alijua kufungua faili, kulitia namba, kulifunga kwa uzi, na zaidi ya yote alijua kulilaza. Hilo la mwisho alifundishwa na mkuu wake wa masjala, mzee mmoja mpole aliyekunywa chai kuanzia asubuhi mpaka saa ya kufunga ofisi.

"Binti yangu," alimwambia siku ya kwanza, "fomu ina tabia za mtoto mchanga. Ukiacha nafasi wazi, inalia. Ukiandika jibu baya, inalia zaidi, na wakubwa wanashuka kuuliza nani anailiza. Ilishe majibu mazuri, italala. Ikilala, funga mlango."

Karani alizilea fomu kwa maelfu na hakuna hata moja iliyomponyoka. Kumbukeni neno hilo, tutalihitaji.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye ndiye aliyepata kazi huku kwanza, katika karakana ya mageti nyuma ya stendi ya mabasi, akamvuta mkewe. Viganja vyake vimeungua mara nyingi hata vimekuwa kama soli ya kiatu. Anaweza kuinua sufuria jikoni kwa mikono mitupu huku anauliza kama chakula kimeiva. Mtoto wao walimpa jina kamili lenye heshima, ambalo halikutumika hata siku moja, maana alizaliwa na upara na makunyanzi ya paji la uso kama mtu aliyenyimwa pensheni. Wakamwita Mzee.

Sasa tuje kwenye lile lililotokea Mzee akiwa na wiki tatu.

Ilikuwa asubuhi. Fundi alikuwa ameshuka kununua mkate. Karani aliweka beseni la buluu kwenye sakafu ya bafu, akatia maji, akapima kwa mkono, akampaka Mzee sabuni, kisha akanyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe cha kumwagia. Basi. Hilo tu. Mkono wa kushoto uliobaki chini ya shingo ukateleza na Mzee akaenda chini. Maji yakamfunika uso. Macho yake yalikuwa wazi, akamtazama mama yake kutoka chini ya maji.

Ilikuwa sekunde moja. Baadaye aliihesabu mara nyingi, kwa vidole, kwa saa ya ukutani, kwa mapigo ya moyo, na kila mara ikawa moja ileile. Alipomwinua, Mzee hakulia papo hapo. Alikohoa, akamkazia macho kama mkaguzi anavyomkazia karani aliyepoteza faili la mkubwa. Ndipo akalia.

Fundi aliporudi na mkate, mtoto alikuwa mkavu, amevaa, ananyonya. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia umeshika kifundo cha mkono wa kushoto. Alikuwa ameushika kama mtu anavyomshika mwizi.

"Vipi mkono?" Fundi akauliza.

"Nimeteguka," akasema.

Neno lilitoka lenyewe, limevaa, limechana nywele. Hakulituma. Lakini mumewe alikuwa ameshaweka mkate chini na kutafuta bendeji.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alizaa kwanza, akaficha baadaye.

Kuanzia siku hiyo Fundi akawa ndiye mwogeshaji, kila asubuhi kabla ya kwenda karakana. Alipima maji kwa kiwiko, kwa kuwa viganja havikumwambia kitu. Alimwogesha Mzee kama anayesafisha geti kabla ya kulipaka rangi, akianzia kwenye maungio. "Inua bawaba, bwana mkubwa. Hapa pana kutu. Na hapa. Nani alikupaka rangi, wewe?" Mzee alicheka, akapiga maji kwa miguu. Karani alisimama nje ya mlango wa bafu, taulo begani, akisikiliza.

Na kila jioni, baada ya kula, Fundi alichukua chupa ya dawa ya kuchua, akafungua bendeji, akauchua mkono mzima usio na kasoro kwa dakika kumi. Vile viganja vya kuinulia sufuria vilitulia, vikawa vyepesi.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Ndipo panapouma."

Huko kwao, mama yake Karani alipiga simu kila Ijumaa.

"Unamwogesha kwa maji ya vuguvugu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kushoto chini ya shingo?"

"Ndiyo, mama."

"Aa, wewe sina wasiwasi nawe. Wewe ungelea hata ukiwa umefumba macho."



Ndipo ikaja ile fomu.

Kliniki ilikuwa mitaa miwili kutoka kwao, na kila Jumanne asubuhi kulikuwa na kikundi cha kina mama wageni wanaozungumza lugha yetu. Kikundi kiliendeshwa na muuguzi mmoja wa kwetu, aliyekuja nchi hii miaka ishirini kabla yao. Wote walimwita Sista. Alikuwa mwema kupita kiasi, mtu ambaye ukimkanyaga anakuuliza kama mguu wako umeumia. Siku hiyo aligawa karatasi zenye maswali ishirini. Kumtuliza mtoto anapolia: unajiamini kiasi gani? Kumnyonyesha? Kumwogesha? Kila swali lilikuwa na namba kuanzia moja, yaani sijiamini kabisa, hadi tano, yaani najiamini kabisa.

Karani aliona fomu, damu ikamchemka kwa furaha. Hatimaye, kitu anachokijua! Alivuta kalamu akatia alama ya vema kwenye tano, moja baada ya nyingine, bila kupumua. Kwenye swali la kuogesha mkono wake ulisita kwa muda wa sekunde moja, ileile sekunde, kisha akatia tano iliyonyooka kuliko zote. Akawa wa kwanza kurudisha karatasi. Faili limelala. Akafunga mlango.

Kosa lake ni kwamba hakujua tabia za nchi. Kule kwao jibu zuri huenda kwenye rafu. Huku jibu zuri husomwa.

"Dada," Sista akamwambia Jumanne iliyofuata, amemshika mikono yote miwili, "miaka kumi na saba niko kwenye kazi hii. Sijawahi kuona mia."

"Bahati tu, Sista."

"Na unyenyekevu pia unao! Wenzako hapa wana hofu mpaka huruma. Yupo mmoja, maskini, ametia moja kila mahali. Ishirini kati ya mia! Nikaona, dawa ya mtu wa ishirini ni mtu wa mia. Jumanne ijayo utawaonyesha."

"Niwaonyeshe nini?"

"Kuogesha. Ndiko wanakoogopa zaidi. Beseni lipo, maji yapo, wewe uje na Mzee tu."

Karani aliitika. Ungefanya nini wewe? Alitabasamu tabasamu la ofisi, akarudi na Mzee mpaka kwenye ngazi za jengo lao. Hapo, penye mita za umeme kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, alisimama kama alivyosimama kila Jumanne, akatoa bendeji chini ya nepi kwenye mkoba, akaufunga mkono. Maana kliniki mkono ulikuwa mzima, nyumbani ulikuwa mgonjwa, na mpaka wa nchi hizo mbili ulikuwa kwenye mita za umeme.

Jioni hiyo alifanya kosa la pili. Mama yake alipiga, siku isiyo yake, na Karani, kwa kiu ya kusikia kitu kizuri, akamwambia amechaguliwa kuwafundisha wengine.  Kikaja kigelegele kirefu, na sauti ya mama akiwaita majirani mmoja mmoja.

Alhamisi, Fundi alipoondoka, Karani alikwenda kwa muuza matunda.

"Nataka tikiti maji la kilo sita na robo."

Muuza matunda akamtazama. "Dada, tikiti huchaguliwa kwa utamu, si kwa kilo. Hili la kilo tano ni asali."

"Nataka la sita na robo."

"Na robo?"

"Na robo."

Ndio uliokuwa uzito wa Mzee. Alipanda nalo ngazi, mtoto mgongoni, tikiti tumboni. Mzee alipolala, alilivua tikiti karatasi yake, akaliweka kwenye beseni la buluu, akalipaka sabuni. Kushoto chini ya shingo. Tikiti halina shingo lakini alilitafutia. Akaliosha uso, akaliosha nyuma ya masikio, akalimwagia maji kwa kikombe. Mara ya kwanza, salama. Mara ya pili, salama, na tayari alikuwa anavuta pumzi kama watu wengine. Mara ya tatu, akilitoa, likateleza.

Lilipiga ukingo wa sakafu likapasuka vipande viwili. Wekundu ukatapakaa mpaka mlangoni.

Mimi najua kwamba ni tunda, nanyi mnajua. Yeye alikaa kwenye maji hayo mekundu, mgongo ukutani, viganja machoni, wala hakuinuka mpaka Mzee alipolia chumbani. Akainuka akaenda kumtazama, kwa mbali, kutoka mlangoni, bila kumgusa, mpaka alipokwisha kujifuta mikono.

Fundi alirudi kula mchana. "Tikiti limefanya nini?"

"Limeniponyoka."

"Si nakwambia kila siku! Mkono huo, halafu unabeba tikiti kubwa kama mtungi?" Akachukua chupa ya dawa mchana kweupe, akamchua. Kisha wakala tikiti.

"Mbona lina ladha ya sabuni?"

"Ndivyo yalivyo ya huku," akasema Karani.

Sasa, Jumatatu Karani akiwa anaanika nguo kwenye paa, Sista alipiga simu kukumbusha, na aliyepokea ni Fundi. "Mwambie mwalimu wetu asisahau taulo!" Sista akasema. Fundi akauliza mwalimu gani. Akaelezwa yote: mia, heshima, beseni. Alikata simu kifua kimejaa, akaamua kutomwambia mkewe. Kesho angeomba ruhusa kazini amfanyie mshangao. Mwanamume akipenda kukushangaza, omba Mungu akupe nafasi ya kukimbia.

Jumanne, saa nne asubuhi. Chumba cha kliniki kilikuwa na viti kumi na viwili vya plastiki, meza katikati, beseni jeupe, na picha ya ukutani ya mtoto anayecheka bila sababu. Kina mama walikuwa wamejaa, watoto magotini. Karani alisimama mbele akiwa na Mzee aliyevuliwa nguo zote.

Alitia mkono kwenye maji. "Ya moto," akasema.

Sista akaongeza ya baridi. Karani akapima kwa mkono. Akapima kwa kiwiko. "Sasa ya baridi."

Wakaongeza ya moto. Akapima tena kwa kiwiko cha pili. Akaeleza kwa kirefu umuhimu wa kiwiko. Akaeleza kuhusu taulo. Akaeleza kuhusu sabuni, aina zake, na historia yake kwa ufupi.

"Mwalimu," akasema mama mmoja wa mstari wa mbele, "tukiendelea hivi mtoto ataoga akiwa darasa la kwanza."

Wakacheka. Karani naye akacheka. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, wanasema. Lakini methali ile ilitungwa kwa mtu anayevua nguo zake mwenyewe. Aliyevuliwa hapa ni Mzee, ambaye kwa kuchoshwa na mhadhara alikojoa, mkojo ukapiga upinde mzuri mpaka juu ya rundo la fomu.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Fundi, katika shati lake la sikukuu, mikono ameinyoosha mbele.

"Samahanini, kina mama. Nimekuja kumsaidia mwenzangu kushika mtoto. Mkono wake mbovu."

"Mkono upi?" Sista akauliza.

"Wa kushoto. Uliteguka Mzee akiwa na wiki tatu." Alisema kwa fahari, kama anayetaja nishani za mtu. "Tangu siku hiyo namwogesha mimi. Lakini maarifa yote ni yake."

Vichwa vyote viligeuka kuutazama mkono wa kushoto. Ulikuwa pale, mtupu, laini, umemshika Mzee chini ya kwapa bila shida yoyote.

"Bendeji iko wapi?" akauliza Fundi, taratibu.

Jibu lilikuwa tayari. Miaka tisa ya masjala ilimletea jibu safi, limeandikwa kwa mashine: nimeifungua ili isilowe. Lingepita. Kila mtu angetikisa kichwa, Fundi angemshika mtoto, faili lingelala. Alifungua mdomo alitoe. Ila Mzee alikuwa anamtazama, uchi, amekunja paji, na katika chumba kizima yeye peke yake ndiye aliyekuwapo siku ile.

"Haukuteguka," akasema Karani.

"Nini?"

"Mkono. Haukuteguka. Aliniponyoka." Alikuwa anaongea na beseni. "Ulikwenda kununua mkate. Aliniponyoka akazama. Sekunde moja. Sijamtia kwenye maji tena."

Mnaongoja kina mama wainuke wamkumbatie, mtangoja sana. Yule mcheshi wa mstari wa mbele alimvuta mwanawe kifuani, akamfunika kwa mkono. Hakukusudia. Lakini Karani aliona. Mengine yote ya siku hiyo alikuja kuyasahau; mkono ule uliofunika hakuusahau. Mtu mmoja alicheka kwa pua. Sista alitazama karatasi zake zilizolowa kana kwamba jibu sahihi liko ukurasa wa nyuma. Fundi alitazama viganja vyake.

"Mtoto ana baridi," ikasema sauti karibu na mlango.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, aliyekaa kwenye kiti cha mwisho kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Alimkabidhi jirani mtoto wake, akaja, akamchukua Mzee bila kuomba, akamtia kwenye maji. Kichwa, shingo, maungio, mgongo. Akamgeuza kwa mkono mmoja kama anayegeuza sahani. Mzee hakupata hata nafasi ya kukunja paji.

"We dada," Sista akasema, "si wewe uliyetia moja kila mahali?"

"Ndiyo mimi."

"Mtu anayeogesha hivi! Kwa nini?"

"Kwani nitie ngapi, Sista? Karatasi inauliza kama najiona hodari. Mtu mzima na akili zake atajisifu kwenye karatasi?" Akamsuuza Mzee sikio. "Nimeosha vyombo vya hoteli miaka minne. Sijavunja kikombe."

Kwa hiyo kliniki ilikuwa na fomu mbili: moja ilidanganya kwenda juu, nyingine ilidanganya kwenda chini. Mtaalamu yeyote mwenye shahada angejumlisha mia na ishirini, akagawanya kwa mbili, akapata sitini, na kuandika ripoti kwamba kina mama wageni hawaendelei vibaya.

"Njoo," mwosha vyombo akamwambia Karani. "Weka mkono wako hapa chini ya wangu. Siyo hivyo, hivyo unashika kalamu. Kidole gumba juu ya bega, vingine kwapani. Hapo hata akitaka kwenda, haendi. Mimina."

Karani akamimina kikombe kimoja. Nusu ilimwagika sakafuni. Hakuna aliyepiga makofi.

Walirudi nyumbani, Fundi mbele na Mzee begani, Karani nyuma na mkoba wenye bendeji. Kwenye mita za umeme alisimama kwa mazoea. Fundi naye akasimama ngazi mbili juu, akageuka, akamwona amesimama hapo mkono kwenye mkoba. Akageuka tena, akapanda. Afadhali angegomba.

Siku mbili Fundi aliongea na mkewe kupitia kwa mtoto. "Mzee, muulize mama yako chumvi iko wapi." "Mzee, mwambie mama yako shati langu limekauka." Mzee, ambaye hakuwahi kupewa madaraka makubwa namna hiyo, alitoa mate.

Mama yake Karani naye alituma ujumbe wa sauti: "Mwalimu wetu! Somo lilikwendaje? Watu wamekaa hapa wanasubiri!" Karani aliandika "vizuri", akafuta. Akaandika "nitakupigia", akafuta. Mwisho akaandika: "Mama, mtoto aliniponyoka kwenye maji, nikaficha."

Jibu lilichukua nusu siku. "Hata wewe uliniponyoka," mama akasema, safari hii kwa sauti ya chini, bila majirani. "Mara mbili. Lakini mimi sikujitia ualimu."

Jioni ya tatu, baada ya kula, Fundi aliinuka kwa mazoea akachukua chupa ya dawa ya kuchua, akaja akaketi karibu na mkewe, akafungua kifuniko. Ndipo akakumbuka. Akaitazama chupa, akakifunga kifuniko, akaiweka sakafuni kati ya miguu yake.

"Miezi mitatu," akasema.

"Ndiyo."

"Kila jioni."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniambia, hapo hapo, ndipo panapouma."

Karani aliuvuta mkono wa kushoto, akaukalia.

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa hutaniachia tena mtoto."

Fundi alifikiri. Mtu mwingine angesema uongo mzuri hapo, lakini nyumba ile ilikuwa imeshiba. "Labda nisingekuachia," akasema. Halafu: "Kesho utamwogesha wewe. Nitasimama mlangoni."

"Akiniponyoka?"

"Si nimesema nitasimama mlangoni?"

Kesho yake Karani akamwogesha, dakika nne, jasho likimtoka jingi kuliko maji aliyomwagiwa Mzee. Kidole gumba juu ya bega, vingine kwapani. Mlangoni Fundi alisimama taulo begani, mikono nyuma, akiushika mmoja kwa mwingine isije ikajitokeza yenyewe. Kesho kutwa tena. Na mtondo. Wiki ya tano Fundi alikwenda kununua mkate.

Baada ya miezi miwili Sista aliwaita kina mama kujaza fomu ya mwisho, maana kila fomu ina mdogo wake. Karani alimwomba Sista amjazie, yeye atasema. Walipofika kwenye swali la kuogesha, Sista aliweka kalamu chini, akamshika mikono, macho yamelengwa na machozi.

"Dada yangu," akasema, "ulipotoka na ulipofika! Ulianguka mbele ya watu ukasimama. Leo unamwogesha mwanao peke yako kila siku. Wewe ndiye ujasiri wenyewe, ndiye mama wa kweli wa kikundi hiki. Sema mwenyewe, kwa fahari, nikuandikie ngapi?"

"Mbili," akasema Karani. "Na moja ni ya baba yake."